Kudai fidia ya serikali kupitia Bunge: petisheni kutoka mwanzo hadi mwisho

Nimeamua kuandika hii yote mahali pamoja kwa sababu maswali ni yale yale. Nyumba zilibomolewa na serikali ikasema italipa, tunaanzia wapi? Baba aliumia kwa ile bomu ya 1998 ya ubalozi wa Marekani hapa Nairobi na hajawahi kupewa chochote, kuna sheria inakuja ama tuliambiwa tu? Tuko na hukumu ya korti lakini wizara imekalia, tupeleke Bunge? Anayeuliza mara nyingi ni mama ama mzee ameshika bahasha ya karatasi zimekunjwakunjwa, zingine zilinyeshewa, na ukimuuliza vizuri unasikia kuna mtu alishamtoza pesa ya "kuandikishwa fidia" kwa orodha ambayo haipo ofisi yoyote. Hiyo inaniuma sana, kwa sababu kupeleka petisheni, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa Bunge la Kenya ni bure, ni haki yako kwa Katiba, na unaweza kuandika mwenyewe kwa Kiswahili.

Kitu kimoja ukielewe kabla ya kushika kalamu. Pesa ya serikali haitoki kwa sababu mtu amekuhurumia, inatoka kwa sababu kuna sheria inasema itoke. Kifungu cha 206 cha Katiba kimefunga huo mfuko, hata waziri akitaka kukulipa kesho hawezi kama Bunge halijaidhinisha. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba msamaha kwa dhuluma za kihistoria, akatangaza shilingi bilioni 10 zitolewe kwa miaka mitatu. Ripoti ya tume ya ukweli na haki, TJRC, ilikuwa imekabidhiwa tangu Mei 2013. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Lakini kanuni za kuendesha huo mfuko zikabaki rasimu na kuna wazee wamezikwa wakingoja. Agosti 2025 tena ukatangazwa mpango wa kufidia waathiriwa wa maandamano ya tangu 2017, watu wakaenda kortini kupinga vile umeundwa, na Septemba korti ikausimamisha kwa muda. Tangazo bila sheria thabiti nyuma yake linayumba hivyo. Kwa hivyo usiende Bungeni kuomba ahadi, enda kuomba sheria ama laini kwa bajeti.

KWANZA: JE, UNAHITAJI BUNGE KWELI?

Hapa ndio wengi wanapotea. Sheria ya petisheni yenyewe inakutaka useme ulishaenda ofisi gani na wakakujibu nini, kwa hivyo Bunge huwa mlango wa mwisho. Angalia kama shida yako tayari ina sheria yake.

Umeumizwa na mnyama wa pori? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeshaweka viwango: kifo milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Watu wa Rongai na wale mnapakana na mbuga ya Nairobi, dai lenu linaanzia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kamati ya kaunti, sio Bungeni.

Ploti yako imechukuliwa kwa ajili ya barabara ama reli? Kifungu cha 40 cha Katiba na Sheria ya Ardhi ya 2012 vinasema ulipwe fidia ya haki na haraka, na anayeshughulika ni Tume ya Taifa ya Ardhi. Kuna hata jopo la kusikiliza malalamishi ya utwaaji wa ardhi, liliundwa na sheria ya 2019.

Uliumia kazini? Kuna sheria ya fidia za kazini ya 2007, ile watu wanaita WIBA.

Aliyekubomolea ama kukuumiza ni kanjo? Hiyo ni serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka petisheni Bunge la Kaunti, pale City Hall. Ukiipeleka Bunge la Taifa, pale Parliament Road, utaambiwa urudi City Hall na utakuwa umepoteza miezi.

Una hukumu ya korti tayari? Hilo ni deni, si ombi. Shida ni kwamba Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, kipengele cha 21, hairuhusu kukamata mali ya serikali, huwezi kutuma auctioneer wizarani abebe viti. Unachofanya ni kuchukua cheti cha amri kutoka korti hiyo hiyo, unampelekea Mwanasheria Mkuu pale Sheria House na Katibu wa wizara husika, na wasipolipa unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha Katibu alipe. Walioteswa Nyayo House wanaijua hii njia vizuri, Mahakama Kuu iliwapa fidia lakini kupata pesa ikawa vita ingine. Bunge linaingia hapa tu kama unataka deni lenu litengewe pesa kwa bajeti.

Na aliyekukosea ni serikali ya nchi ingine? Bunge letu haliwezi kufungua mfuko wa wenyewe. Wale wa bomu ya Agosti 7, 1998, msikie hii vizuri. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, 12 kati yao Wamarekani. Desemba 2020 Congress ya Marekani ilipitisha sheria ya kumaliza madai dhidi ya Sudan, Sudan ikatoa dola milioni 335, lakini ile ilikuwa ya raia wa Marekani na waliokuwa wakifanyia serikali yao kazi. Yule aliyekuwa anapita tu nje, ama alikuwa Ufundi House akifanya kazi yake, hakuguswa. Marekani wana desturi ya zamani ya Congress kuandikia mtu mmoja ama kikundi sheria yao ya kulipwa, zamani hiyo ndio ilikuwa karibu njia pekee ya kudai serikali yao mpaka wakaunda korti ya madai 1855, na 1946 wakazuia hizo sheria binafsi kwa madai ya kawaida ya kuumizwa. Bado inawezekana kupitishwa sheria maalum, lakini ni mbunge wao lazima ailete. Unachoweza kuomba hapa Nairobi ni Bunge lisukume serikali yetu ikaongee na yao, na ndio maana Seneti iliunda kamati maalum ya fidia ya waathiriwa wa hiyo bomu. Mau Mau walifuata njia ingine, walienda korti London, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hiyo haikuwa sheria, ilikuwa makubaliano baada ya kesi.

Sasa kama umepitia zote hizo na umebaki na shida ambayo haina sheria, ama sheria ipo lakini mfuko hauna pesa, ama muda wa korti uliisha kwa sababu ambazo si kosa lako, basi endelea kusoma.

Onyo la muda kabla sijasahau. Kushtaki serikali kwa madhara kuna miezi 12 tu, kwa mkataba miaka 3. Usikae ukingoja Bunge huku saa ya korti inakwisha. Na upande mwingine, ukishafungua kesi Bunge linaweza kusema jambo liko mbele ya korti halitaligusa. Kwa hivyo ongea na wakili kabla ya kuchagua, hata ya bure, Kituo cha Sheria wamesaidia watu wengi wasio na pesa.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Kopi za vitambulisho vya kila mtu atakayeweka sahihi
- Ushahidi wa madhara: namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), P3 (fomu ya polisi ya majeraha), karatasi za hospitali, picha, risiti, hati ya ploti ama barua ya kugawiwa
- Barua zote mliandikia serikali na majibu, zikiwa na muhuri wa kupokelewa
- Orodha ya waathiriwa, majina kama yalivyo kwa kitambulisho
- Pesa ya saiba ya kuprinti na fotokopi, na fea. Hiyo ndio gharama yenyewe

Originali zikae nyumbani, usimpe mtu yeyote, hata akija na beji.

HATUA

1. Andika hadithi yenu kwa ukurasa mmoja

Nani, wapi, tarehe gani, ofisi gani ilifanya, nini kilipotea. Mkiwa kikundi kaeni chini mkubaliane tarehe kabla ya kuandika, kwa sababu mbele ya kamati mmoja akisema Machi na mwingine Mei, mtaulizwa hilo swali siku nzima na jambo lenyewe halitafikiwa. Tofautisheni mlichoona na mlichosikia. Kama hamjui ni idara gani ilituma tingatinga, semeni mliona nini: magari ya rangi gani, sare gani, notisi ilibandikwa na nani.

2. Jaza mapengo ya ushahidi

Watu wanakata tamaa hapa, na kuna njia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi yoyote ya umma uombe rekodi, na wanafaa kujibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi, taja rekodi hasa unayotaka, mfano orodha ya watu waliohesabiwa kabla ya kuhamishwa, ama ripoti ya tathmini. Wakikunyima ama wakanyamaza, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, bure. Notisi za utwaaji ardhi ziko kwa Gazeti Rasmi la Serikali. Sheria na hukumu ziko Kenya Law kwa mtandao, bure pia.

3. Bisha milango ya chini mpate karatasi

Andikeni kwa wizara ama idara iliyohusika. Mpeane barua mkono kwa mkono, na mkienda beba kopi mbili, moja ibaki kwao na moja ipigwe muhuri mrudi nayo. Hata wasipojibu, ule muhuri ndio jibu lenu, utawekwa kwa petisheni kuonyesha mlijaribu. Kuna watu wamezunguka ofisi kwa miaka mingi na hawana hata muhuri mmoja kwa sababu kila mahali waliongea tu kwa mdomo.

4. Chagua Bunge la Taifa ama Seneti

Kifungu cha 119 kinaruhusu mtu yeyote kupeleka petisheni Bungeni kwa jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kuomba sheria itungwe ama ibadilishwe. Lakini fikiria pesa. Mswada wa pesa, kwa Kifungu cha 114, unaanza Bunge la Taifa peke yake, na kamati husika lazima isikize maoni ya Waziri wa Fedha kwanza. Kwa hivyo kama mnataka mfuko wa fidia ama sheria ya kuwalipa, pelekeni Bunge la Taifa. Kama jambo linagusa kaunti na ugatuzi, ama mnataka uchunguzi wa wazi na msukumo wa kisiasa, Seneti inafaa.

5. Andika petisheni yenyewe

Sheria ni ya 2012, Sheria ya Utaratibu wa Petisheni Bungeni. Ni fupi, isome mwenyewe. Inachotaka ni hivi:

Iwe ya mkono, ama imeprintiwa, Kiswahili ama Kiingereza. Lugha iwe ya heshima. Mtu amebomolewa nyumba ana hasira na ana haki ya kuwa nayo, lakini ukimuita waziri mwizi kwa karatasi hiyo, unampa Karani wa Bunge, ofisa anayepokea petisheni, sababu ya kuirudisha na aliyekuumiza anabaki hajaulizwa chochote.

Isiwe na mahali pamefutwa ama maneno yameongezwa juu ya mstari. Kwa hivyo hakuna waitaut, hakuna kukata na kalamu. Ukikosea printi upya huo ukurasa.

Iandikwe kwa Bunge, ama kwa Bunge la Taifa, ama kwa Seneti. Ikizidi karatasi moja, kila karatasi iwe na kichwa cha jambo, pamoja na zile za sahihi.

Ionyeshe mmeshajaribu wapi na wakajibu nini, ama hawakujibu, ama jibu halikuridhisha.

Iseme kama jambo liko kortini ama mbele ya tume yoyote ya kikatiba. Semeni ukweli. Kama kuna kesi ilifunguliwa na jirani kuhusu hiyo hiyo ardhi, itajwe, manake mawakili wa serikali wataitaja wao na mtaonekana mlificha.

Mpangilio unaotosha ni huu: "Sisi tulioweka sahihi hapa, wakaazi wa mahali fulani, Kaunti ya Nairobi, tunaleta mbele ya Bunge la Taifa kwamba..." kisha aya zenye namba, kila aya jambo moja na tarehe yake. Kurasa mbili ama tatu zinatosha. Halafu mnaingia maombi.

6. Maombi ya mwisho, hapa weka akili yako yote

Sheria inataka petisheni imalizikie kwa ombi la heshima lililo wazi, linalosema hasa unataka nini, na hapa ndio petisheni nyingi zinakufa hata kama hadithi ni ya kweli na ushahidi upo. Ombi baya linakaa hivi: "Tunaomba Bunge lituangalie na serikali itufidie." Kamati itasoma, itasikitika, itaandika kwamba "inapendekeza serikali iharakishe" na imeisha hapo. Hakuna mtu amepewa kazi, hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna sheria.

Linganisha na hili:

"Kwa hivyo tunaomba kwa unyenyekevu kwamba Bunge la Taifa:
(a) lichunguze kuhamishwa kwa familia zilizotajwa kwa Jedwali la kwanza;
(b) lipendekeze Wizara husika ihakiki orodha hiyo ndani ya siku 90 na ripoti iletwe Bungeni;
(c) lipendekeze Hazina ya Taifa itenge pesa za fidia hiyo kwa makadirio ya mwaka wa fedha unaofuata;
(d) lianzishe sheria ya kuunda utaratibu wa kulipa familia ambazo haziwezi kulipwa chini ya sheria yoyote iliyopo."

Unaona tofauti. Kila herufi ina mtu wa kuifanya na kitu cha kufuatilia baadaye, ukirudi Bungeni mwaka ujao unauliza (b) imefika wapi. Na (d) ndiyo inagusa sheria maalum, hiyo ndio Bunge peke yake linaweza kukupa, korti haiwezi, chifu hawezi, waziri hawezi.

Kiasi cha pesa: andikeni hesabu, hata kama ni makadirio, na mwonyeshe mlipataje. Thamani ya nyumba, matibabu, kodi ya nyumba mliyolipa baada ya kuhamishwa. Msipige hesabu ya kubahatisha ya mabilioni. Nambari isiyo na msingi inaharibu hata ile iliyo na msingi.

7. Sahihi

Kila mtu: jina, anwani, namba ya kitambulisho, sahihi ama kidole gumba. Mzee asiyejua kuandika anaweka alama yake mbele ya shahidi na shahidi anatia sahihi. Usimsainie mtu. Usimsainie mama yako, usimsainie aliyeko ushago amekuruhusu kwa simu. Sahihi moja ya kughushi ikishikwa, watu wote waliobaki wanatiliwa shaka. Na orodha ndefu si lazima, petisheni ya mtu mmoja ni halali sawa tu na ya watu elfu.

Jambo la uchungu kidogo: mtakapokuwa mnakusanya sahihi, watu watajileta ambao hawakuwepo. Jirani, binamu, mtu wa mwenyekiti. Mkubaliane mapema kwamba bila ushahidi wa kuishi pale jina haliingii. Ni vigumu kumwambia mtu mnaishi naye, lakini uhakiki ukija na wapatikane kumi wa uongo, wa kweli ndio watakaoumia.

8. Peleka

Njia ni mbili. Unaipeleka mwenyewe kwa Karani wa Bunge la Taifa ama Karani wa Seneti, majengo ya Bunge, ama kwa posta, S.L.P. 41842-00100 Nairobi. Ama unampa mbunge wako ailete, na yeye atatia sahihi yake pia. Kupitia mbunge kuna faida, ana mdomo ndani ya ukumbi. Lakini kama mbunge anaikalia, si lazima umngoje, enda kwa Karani moja kwa moja, haki ni yako si yake. Mwakilishi wa kike wa kaunti pia ni mbunge, watu wanamsahau.

Vyovyote vile, rudi na kopi yenye muhuri na tarehe. Usiondoke getini bila hiyo. Ukiambiwa "acha tu hapo mama, tutakupigia," omba kwa upole upigiwe muhuri kwanza.

9. Ndani ya Bunge

Karani ana siku 7 za kuangalia kama petisheni imefuata sheria. Ikiwa sawa inaenda kwa Spika na inasomwa ama kuwasilishwa ukumbini. Halafu inaenda kwa kamati, na kamati ina muda uliowekwa kwa kanuni za Bunge kuleta ripoti. Kwa hali halisi muda huo mara nyingi huongezwa, jipange hivyo.

Mtaitwa mbele ya kamati. Chagueni watu wawili ama watatu tu wa kuongea: mmoja anajua tarehe, mmoja ameumia mwenyewe, mmoja anaweza kujibu kuhusu karatasi. Wengine waje wakae. Mmoja abebe kopi za ziada za kila kitu. Kila mbunge muiteni Mheshimiwa, jibuni lililoulizwa, na kama hamjui semeni hamjui mtaleta baadaye kwa maandishi. Kamati zina nguvu ya kuita mashahidi kama Mahakama Kuu, kwa hivyo mnaweza kuomba Katibu wa wizara aitwe alete rekodi ambazo mmenyimwa. Hilo watu hawajui kuomba na lina nguvu sana.

10. Baada ya ripoti

Ripoti ya kamati si cheki, hata ikipitishwa na wabunge wote. Ni mapendekezo. Kazi sasa ni kuyasukuma yaingie kwa bajeti ama kwa mswada.

Shika hii kalenda. Taarifa ya sera ya bajeti inafika Bungeni kufikia Februari 15. Makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ripoti yenu ikitoka Mei, mmeshachelewa kwa mwaka huo labda kuwe na bajeti ya nyongeza. Kwa hivyo anayeanza vizuri anapeleka petisheni katikati ya mwaka, ili kufikia Januari ripoti iko mezani na mnamwandikia mwenyekiti wa kamati ya wizara husika, na kamati ya bajeti, mkiinukuu.

Kama ni mswada, lazima mbunge ama kamati iuchukue. Utachapishwa, umma utaombwa maoni chini ya Kifungu cha 118, na hapo mje tena kwa wingi na maandishi, si kwa fulana peke yake. Utasomwa, utapigiwa kura, na Rais ana siku 14 za kuutia sahihi ama kuurudisha.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA WAKATI

Kulipa broka. Hakuna ada ya kuandikishwa, hakuna ada ya kusukuma faili, hakuna fomu ya fidia inayouzwa.

Vikundi viwili vya waathiriwa hao hao kupeleka petisheni mbili zenye orodha tofauti. Serikali itasema subirini mkubaliane, na hapo mtakaa miaka. Unganeni kwanza, hata kama viongozi hawapatani.

Kuchanganya mambo. Fidia, ajira kwa vijana, stima na barabara zote kwa petisheni moja. Peleka fidia peke yake.

Kungoja uchaguzi. Mswada ambao haujapita Bunge likiisha muda wake unakufa nalo, na uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Ukianza miezi ya mwisho, wabunge wako kwa kampeni na hakuna wa kuketi kwa kamati.

UKIKWAMA

Karani amerudisha petisheni. Soma sababu, mara nyingi ni umbo: ombi haliko wazi, hukusema kuhusu korti, kurasa za sahihi hazina kichwa. Rekebisha, kusanya sahihi upya kwa kurasa zilizobadilika, rudisha.

Kimya. Kila Bunge lina rejista ya petisheni na uamuzi wake, na umma unaruhusiwa kuiangalia saa za kazi. Enda na kopi yako yenye muhuri, omba kuona iko wapi. Halafu andikia Karani barua, si simu.

Wizara imeambia kamati kwamba hamko kwa rekodi zao. Ombeni rekodi yenyewe iletwe, na mlete zenu: kadi za kliniki za watoto zenye jina la mtaa, ripoti za shule, bili za maji, hata picha za harusi zinazoonyesha nyumba nyuma. Nimeona kadi ya kliniki ya mtoto ikimaliza mabishano ambayo barua za wakili hazikumaliza.

Kamati imekataa. Uliza uamuzi kwa maandishi. Angalia kama wamesema kuna njia ingine ya kisheria, hiyo barua itakusaidia kule ukienda.

Ripoti imepita lakini bajeti ikaja bila laini yenu. Andikieni Katibu wa wizara mkiambatisha ukurasa wa mapendekezo, mwombe ajibu kama aliomba Hazina hizo pesa ama hakuomba. Jibu lake mpelekeeni mbunge aulize ukumbini. Fanyeni hivyo kabla ya Desemba, wakati wizara zinaandaa maombi yao ya mwaka unaofuata.

Mmoja wa walioweka sahihi amekufa. Dai lake halifi kwa sababu hiyo, lakini familia lazima iwe na karatasi ya korti ya kumsimamia marehemu kabla pesa yoyote haijatoka kwa jina lake. Anzeni hiyo mapema, na mkijua mzee ni mgonjwa, mchukueni maelezo yake kwa hati ya kiapo akiwa bado anaongea, na mpige kopi mbili.